Kabla ya kuisifia jeli yako, isukume kwenye sindano

Karibu wote wanaoingia kwenye kazi hii ya kutengeneza vijazio, yaani jeli za kudungwa chini ya ngozi ya uso, huanza kwa kuipenda jeli. Umechanganya asidi ya hayaluroniki, ambayo ni minyororo mirefu ya molekuli, na BDDE, kemikali ya kuifunga minyororo hiyo pamoja, kwenye sodiamu haidroksidi, imeshikana, inang'aa, ukigonga bika inatikisika. Simu inatolewa, picha inapigwa. Mimi ningekwambia ijaze kwanza kwenye bomba la sindano, funga sindano nyembamba ya saizi ya 27G, kisha sukuma.

Tundu la sindano hiyo lina upana wa kama milimita 0.2. Jeli ambayo haikusagwa ikawa chembe zinazolingana hugoma mpaka kidole gumba kiumie, halafu huchomoka ghafla. Daktari anayedunga chini ya jicho atafanya nini na kitu cha hivyo? Pima nguvu ya kusukuma kwa mashine, kwa kasi moja, uusome mchoro wote badala ya wastani peke yake. Mimi huchagua jeli nzito kidogo yenye mstari uliotulia, naiacha nyepesi yenye vilima na mabonde.

Ugumu nao upimwe baada ya otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa moto. Nyuzi 121 hukatakata minyororo ya hayaluroniki, na jeli iliyoingia imara inaweza kutoka imelegea kama uji. Namba ya kabla ya joto huwa nzuri zaidi, ndiyo maana watu huipenda kwenye ripoti, lakini mgonjwa hadungwi jeli hiyo.

Ili jeli isilegee, wengine hukimbilia kuongeza BDDE. Molekuli ya BDDE iliyoshika mnyororo kwa ncha moja tu haiimarishi chochote, na ile isiyoshika popote ni sumu ya kuoshwa: kiwango kinachokubalika kwa kawaida ni chini ya sehemu 2 kwa milioni. Na msidanganywe na otoklevu. Huua bakteria, lakini endotoksini zao, yaani sumu zitokazo kwenye kuta za bakteria, hubaki. Mara nyingi huletwa na maji na vyombo, kwa hiyo angalieni huko.

Sasa jambo ambalo vijana huliuliza mwisho: itaondolewaje? Mwaka 1899, huko Vienna, Robert Gersuny alianza kudunga parafini, na baada ya muda watu wakabaki na uvimbe mgumu usoni. Jeli ya hayaluroniki ikiingia kwenye mshipa wa damu, daktari ana kimeng'enya cha hayaluronidesi cha kuiyeyushia. Vijazio vingine, kama kalsiamu haidroksiapataiti na asidi ya polilaktiki, havina dawa ya namna hiyo.

Sisemi visitumike. Hapa Afrika Mashariki tunawafahamu watu ambao mashavu yao yalibonyea kwa stavudini, dawa ya VVU, na ni kwa tatizo la aina hiyo, kwa watu wenye VVU, polilaktiki iliidhinishwa Marekani mwaka 2004. Huuchochea mwili kutengeneza kolajeni yake wenyewe, taratibu.

Ila kama malighafi yako ni hayaluroniki, fahamu kwamba kadiri unavyoifunga minyororo yake kwa BDDE ndivyo kimeng'enya kinavyopata shida kuikata. Weka kipande kwenye hayaluronidesi, nyuzi 37, uone kinachukua muda gani kuyeyuka. Fanya hivyo mapema, fomula ikiwa bado inabadilika kirahisi.