Kazi ya mwisho ya muuaji wa kukodiwa: maswali ya watunzi wa riwaya

SWALI: Muuaji wangu amekuja Mtwara kumaliza kazi ya mwisho, kisha atoweke na fedha zake. Walionisomea muswada wanasema hawasikii hatari. Nirekebishe wapi? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Anza na saa na tarehe za muswada, bastola iache kwanza. Mtu huyu ana fedha na uzoefu. Akiwa na nafasi ya kuahirisha, msomaji hana sababu ya kukaa roho juu. Mbane kwa vitu ambavyo fedha haziwezi kuvisogeza.

Bahari ni kimojawapo. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hujaa kwenye saa kumi, alasiri na alfajiri, na hukupwa kwenye saa nne. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukimtorosha kwa mashua kutoka Mikindani saa nne usiku, mwezi ukiwa mpevu, umekosea mara mbili: chombo kimelala matopeni, na mbalamwezi inamwonyesha kwa kila mtu. Mwezi mwandamo unakupa maji yale yale pamoja na giza. Akifika ufukweni saa nne, itambidi asubiri karibu hadi alfajiri ili aelee vizuri, huku mjini maiti imeshaonekana. Hapo una sura nzima, tena nzuri.

Kingine ni korosho. Minada ikianza, kwa kawaida Oktoba, gesti hujaa wanunuzi, madalali na madereva wa malori, na mgeni hapotezi muda kujieleza. Mlete mtu huyo huyo Machi: kabla ya magharibi mtaa mzima utajua amelala chumba gani. Msimu unakupa na sababu ya kuua. Mnunuzi wa kangomba anayechukua korosho za wakulima kwa bei ya kutupa, nje ya stakabadhi ghalani (mfumo rasmi wa kuuza mazao kupitia ghala), ana maadui wa kutosha, na karani wa ghala anayejua mzigo ulivyoingizwa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, kwa jina la mtu mwingine ni shahidi ambaye tajiri angelipa anyamazishwe. Chagua karani. Msomaji ataumia zaidi.

SWALI: Anakamatwa Lindi, anakiri, kesho yake hakimu anamhukumu. Na aliyemlipa ashtakiwe kwa kosa gani? (Msomaji, Nachingwea)

JIBU: Aliyemtuma anashtakiwa kwa mauaji yale yale. Kanuni ya Adhabu inamhesabu anayemshawishi mtu kutenda kosa kuwa mtendaji pia, na adhabu ya mauaji ni kunyongwa hadi kufa. Basi usimwandike tajiri kana kwamba anaogopa kuumbuka tu.

Hukumu ya kesho yake ifute. Mshtakiwa wa mauaji hana dhamana. Katika mahakama ya chini shauri hutajwa na kuahirishwa, naye hatakiwi kujibu lolote mpaka lifike Mahakama Kuu. Kukiri ndiko kwenye utamu kwa mtunzi. Polisi wana saa 4 tangu kumkamata kumhoji na kuandika maelezo ya onyo (maelezo ya mtuhumiwa baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake), isipokuwa muda umeongezwa kisheria. Wakichelewa, wakili atayapinga, na mahakama itaendesha kesi ndogo ndani ya kesi kuamua kama yapokelewe. Amekamatwa karibu na kituo, mpelelezi amechelewa bila sababu ya maana, maelezo yameandikwa saa 6 baada ya kukamatwa: muuaji amesema kweli yote, na karatasi inaweza kutupwa. Kama alikiri pia mbele ya mlinzi wa amani, kwa kawaida hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, upande wa mashtaka bado una pa kushika.

SWALI: Avuke Daraja la Umoja kuingia Msumbiji usiku huo huo? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Daraja liko Mtambaswala, Nanyumbu, kilomita 300 hivi kwa barabara kutoka Mtwara, kupitia Masasi na Mangaka, na kuna kituo cha mpaka. Kilambo ni karibu zaidi, ila hapo ni kuvuka maji ya Ruvuma. Mpe mtu wa kumvusha, na mpe mtu huyo sababu ya kumuuza.