Maji yapo, ila hayako kwenye mishipa: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba kazi ya wodini bado inakufanya uulize maswali. Unasema una mgonjwa wa ini, tumbo limejaa, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa, halafu daktari anasema damu yake imepungukiwa maji. Presha kweli iko chini, mkojo nao kidogo sana. Mtu aliyejaa maji namna hiyo anapungukiwaje na maji? Katika miaka yangu ya uuguzi niliwasikia wengi wakilikwepa swali hilo kwa kusema "ndiyo ugonjwa ulivyo".

Ukitaka kumwelewa mgonjwa huyo, usianze na kiasi cha maji. Anza kwa kuuliza yako wapi.

Mwanamume wa kilo 70 ana maji kama lita 42, yaani asilimia 60 ya uzito wake. Mwanamke huwa karibu na asilimia 50, kwa kuwa mafuta hayashiki maji mengi. Katika hizo 42, lita 28 zimo ndani ya seli. Zinabaki 14 nje ya seli, na hizo nazo zimegawanyika: kama 11 zinalowesha nafasi zilizo kati ya seli na seli, na 3 tu au zaidi kidogo ndizo plazma, maji ya damu. Mwili mzima una lita 42, lakini presha unayoipima kila asubuhi inategemea hizo 3.

Kinachotenganisha seli na nje yake ni utando. Maji huupita kirahisi, chumvi haiupiti hivi hivi. Pampu zilizo kwenye utando hutoa chembe 3 za sodiamu, ambayo ndiyo madini makuu ya chumvi, na kuingiza 2 za potasiamu, usiku na mchana, ndiyo maana nje ya seli sodiamu ni kama milimoli 140 kwa lita na ndani ni kidogo mno. Mwanasayansi Jens Christian Skou aliieleza pampu hiyo mwaka 1957, akaja kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1997. Maji huifuata chumvi. Sodiamu ya nje ikishuka ghafla, maji huingia kwenye seli zikavimba, na ubongo ukivimba ndani ya fuvu hauna pa kutanukia. Hapo mgonjwa huanza kuweweseka, hata kupata degedege.

Lakini shida ya mgonjwa wako iko kwenye kuta za kapilari, ile mishipa midogo kabisa ya damu. Hapo sodiamu hupita bila kizuizi, kwa hiyo chumvi haiwezi kuyashikilia maji yasitoke kwenye mshipa. Yanayoyashikilia ni protini, hasa albumini, na albumini hutengenezwa na ini. Msukumo wa damu huyatoa maji nje, albumini huyavuta yabaki, na yanayovuja hukusanywa na mishipa ya limfu yakarudishwa. Kanuni hiyo aliiandika mwanasayansi Ernest Starling mwaka 1896, na ingawa imerekebishwa hapa na pale, kitandani kwa mgonjwa bado inafaa.

Sasa ini limekakamaa. Albumini imepungua, na damu inayotoka kwenye utumbo inapita kwa shida, msukumo unapanda, maji yanachuruzika tumboni. Isitoshe, mishipa ya eneo la utumbo imelegea, damu inatuama huko.

Figo hazioni tumbo wala miguu. Zinajua tu damu inavyozifikia, na inazifikia kwa unyonge. Basi homoni ya aldosteroni inaziamuru zizuie sodiamu, na vasopresini kutoka kwenye ubongo inaziamuru zizuie maji. Kumbuka figo huchuja kama lita 180 kwa siku na kurudisha karibu zote, kwa hiyo zikikaza kidogo tu, mkojo unapotea. Na maji zinayoyaokoa hayakai kwenye mishipa, yanaishia tumboni. Mgonjwa anazidi kuvimba, na figo bado zinaamini kuna ukame.

Umeuliza pia kwa nini asiongezewe dripu tu. Kwa mtu mzima wa afya, lita moja ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 hubaki nje ya seli, na kama robo yake tu ndiyo hukaa kwenye mishipa. Ya glukosi ya asilimia 5 ni haba zaidi: sukari ikishatumika, maji husambaa mwili mzima, na mishipani hayafiki hata mililita 100. Kwa huyu wako hata ile robo haina uhakika. Chumvi utakayompa itaburuta maji tumboni, ndiyo maana anapunguziwa chumvi kwenye chakula, na akitolewa maji mengi ya tumbo hupewa albumini.

Kazi yako wewe ni mizani. Mpime kila asubuhi akishakojoa, kabla hajala, kwa nguo zilezile. Kilo moja iliyoongezeka usiku mmoja ni lita moja ya maji, maana nyama haiotishwi usiku mmoja. Kisha bonyeza muundi wake kwa kidole gumba, ushikilie kidogo, uachie. Shimo likibaki, maji bado yapo kati ya seli.

Akiwa kwenye dawa za kukojoza, angalia pia kasi. Miguu ikiwa bado imevimba, anaweza kupungua mpaka kilo 1 kwa siku. Ikishakauka na tumbo likabaki peke yake, isizidi nusu kilo, kwa sababu maji ya tumboni hurudi mishipani polepole, na dawa ikiyatangulia itakausha zile lita 3. Siku utakapoona muundi hauachi shimo tena, mwambie daktari asubuhi hiyohiyo, usingoje zamu ya kesho.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako