Uhusiano wa 0.62 kati ya haiba na mauzo: tuutumie kuchuja waombaji?

Swali: Mimi ni afisa rasilimali watu katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa hapa Mwanza. Mshauri mmoja alituuzia dodoso la haiba. Msimamizi wa mauzo akawajazia vijana wake 14, na siku hiyohiyo akawapa alama za utendaji kazi. Uchangamfu na utendaji vimetoa uhusiano wa 0.62 (0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili). Mkurugenzi anataka tuchuje waombaji kwa dodoso hili. Tuweke kikomo cha alama ngapi? Naambatanisha fomu mbili na daftari la mahudhurio.

Jibu: Msiweke kikomo chochote. Maswali ya namna hii hunifikia kila mara, na karibu yote yanahusu dodoso. Hakuna anayeniuliza huo utendaji umepimwaje.

Nimezitazama fomu zako. Kijana wa kwanza amepewa 5 kuanzia juu hadi chini. Wa pili ana 2 kila mstari, hata penye "anawahi kazini". Nikafungua daftari la mahudhurio: mwezi Machi wote, huyu wa pili amesaini kabla ya saa mbili asubuhi kila siku ya kazi. Msimamizi hakupima haiba wala kazi. Ameandika nani anampenda na nani hampendi, mara mbili, kwa siku moja. Hiyo 0.62 ni maoni ya mtu mmoja yakikubaliana na yenyewe.

Na hata angejaza kwa haki, watu 14 ni wachache mno. Kwa idadi hiyo, uhusiano halisi unaweza kuwa popote kati ya 0.13 na 0.87.

Mwaka 1991, watafiti Murray Barrick na Michael Mount wa Marekani walijumlisha matokeo ya tafiti zaidi ya 100. Sifa iliyosaidia katika kila aina ya kazi ni uwajibikaji: kupanga mambo, kutimiza ahadi, kumaliza ulichoanza. Uhusiano wake na utendaji ulikuwa karibu 0.2. Zidisha 0.2 kwa 0.2 upate 0.04, yaani sifa hiyo inaeleza asilimia 4 tu ya tofauti za utendaji kati ya wafanyakazi. Uchangamfu ulisaidia kwenye mauzo na uongozi, tena kwa kiasi kidogo zaidi. Kwa hiyo mtu akikuletea 0.62, muulize kwanza fomu zilijazwa na nani.

Usikimbilie takwimu za mauzo pia ukidhani ndizo safi. Anayezungukia maduka ya Kirumba na anayevuka kwa kivuko kwenda Ukerewe hawawezi kulinganishwa kwa katoni walizouza. Mlinganishe kila mmoja na waliowahi kushika ruti hiyohiyo kabla yake.

Sasa kuhusu hawa washauri. Wanapita ofisini na vipimo vya haiba vya rangi nne au herufi nne, wanawagawa watu mafungu, wanachukua hela na kuondoka. Haiba haina mafungu. Ni kama urefu: wengi wetu tuko katikati, na ukichora mstari hapo katikati unawatenganisha watu wanaofanana. Kampuni inayochapisha kipimo cha Myers-Briggs chenyewe, maarufu kuliko vyote vya herufi, inasema kisitumike kuajiri. Mshauri aliyewauzia dodoso aliwaonyesha ushahidi gani? Kama hakuwa nao, kuna mwombaji anayeweza kukosa kazi kwa sababu ya karatasi isiyopima chochote.

Ili kuuona vizuri uhusiano wa 0.2 mnahitaji watu kama 200, na hamtafika huko. Wapeni waombaji kazi yenyewe: nusu siku kwenye ruti, wahesabu stoo ya duka, wapige hesabu ya madeni, wazungumze na mwenye duka aliyekataa oda. Wapimaji wawe wawili, kila mmoja aandike alama zake kabla ya kuzungumza na mwenzake. Usaili nao uwe na maswali yaleyale kwa kila mtu.

Na ile fomu ya pili, ndugu yangu, iondoe kwenye faili la yule kijana kabla ya tathmini ya mwaka.