Mpokeaji wa miaka 19 ana habari gani?

Wiki hii wengi mmeuliza kuhusu wapokeaji wa futiboli ya Marekani walioko vyuoni, wale wanaokimbia mbele kudaka pasi. Je, misimu yao ya mwanzo inatosha kutuonyesha nani atafika NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, na kudumu?

Kwa nini mnahesabu umri? Yadi 1,000 si ni zile zile?

Si zile zile, ingawa yadi ni kipimo kimoja: umbali ambao timu husonga mbele kwa pasi alizodaka mpokeaji. Kijana wa miaka 19 anakabwa na walinzi wa miaka 21 na 22, waliokomaa mwili na wanaoujua mchezo. Akiwashinda hao, ana kitu. Larry Fitzgerald alipata yadi 1,005 akiwa mwaka wa kwanza chuo cha Pittsburgh, 2002. Msimu uliofuata akafikisha 1,672 na tachidauni 22 (yaani mara 22 alifunga kwa kuufikisha mpira mwisho wa uwanja), na katika zamu ambapo timu za NFL huchagua vijana wa vyuo, Arizona wakamchukua chaguo la 3 mwaka 2004. Anayeng'ara kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 22, mimi hujiuliza kwanza kama hawaonei wadogo zake.

Basi tuwapange kwa yadi za mwaka wa kwanza, yaishe?

Hapana, tazama fungu lake katika timu. Mwenye yadi 600 kwenye timu iliyorusha 2,000 amebeba asilimia 30. Mwenye 900 kwenye timu ya 4,500 amebeba 20 tu, ingawa jina lake ndilo litakalotajwa redioni. Wachambuzi wengi huanza kumwandika mpokeaji anapofikisha asilimia 20 ya yadi na tachidauni za pasi za timu yake, kisha huangalia alikuwa na umri gani siku hizo.

Shikamoo kaka. Mwanangu amemaliza mwaka wa kwanza chuoni hapa Texas bila kudaka mpira hata mmoja. Anataka kuacha. Nimwambie nini?

Marahaba, mama. Mwambie habari za Justin Jefferson. Mwaka 2017 pale LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, hakudaka hata mmoja, kama yeye. Mwaka 2018 alipata yadi 875, na 2019 akadaka mara 111 kwa yadi 1,540. Hata hivyo, mwaka 2020 waliitwa wapokeaji wanne kabla Minnesota hawajamchagua wa 22. Msimu wake wa kwanza NFL ulikuwa wa yadi 1,400, na 2022 aliongoza ligi nzima kwa 1,809.

Kisha muulize swali moja: nani yuko mbele yake kikosini? DeVonta Smith alidaka mara 8 tu mwaka wake wa kwanza Alabama, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Mwaka 2020 alidaka 117 na kutwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Kukaa benchi nyuma ya vijana watakaokwenda NFL si sawa na kukaa nyuma ya wa kawaida. Kinachonitia wasiwasi ni mwaka wa pili ukipita hivyo hivyo huku nafasi zimefunguka. Asiache sasa, mama.

Takwimu za chuo kidogo zina uzito?

Zina uzito zikiwa kubwa mno. Cooper Kupp, msimu wake wa kwanza uwanjani na Eastern Washington, 2013, alipata yadi 1,691 na tachidauni 21. Akasubiri hadi chaguo la 69 mwaka 2017. Mwaka 2021 aliongoza NFL kwa kudaka, kwa yadi na kwa tachidauni.

Na waliowaka mapema wakazimika?

Wapo, na inauma. Laquon Treadwell alidaka mara 72 akiwa mwaka wa kwanza chuo cha Ole Miss, 2013. Minnesota wakamchukua wa 23 mwaka 2016. Msimu ule alidaka mpira mmoja tu. Lakini rudi kwenye ile 2013: mara 72 zilizaa yadi 608, kama yadi 8 kila mpira. Alikuwa akidaka mingi, karibu karibu. Fitzgerald, katika mwaka kama huo, alipata zaidi ya 14.