Mabuti au Strapu? Wewe Unayetaka Kuruka Paje, Nisikilize

Wiki hii kijana mmoja wa Jambiani, jirani zetu wa Paje hapa Unguja, kaniandikia. Kaanza na shikamoo, kauliza hali ya nyumbani, kisha kaingia kwenye lake: "Kaka, kuna mgeni anaondoka, anauza mabuti yake ya kaiti. Yametumika kidogo tu. Niyachukue, nizitoe strapu kwenye bodi?" Kwa asiyejua, kaiti ni lile tiara kubwa linalokuvuta juu ya maji ukiwa umesimama kwenye bodi. Nimemjibu kwa maneno mawili, lakini swali hili naulizwa kila kaskazi ikianza kuvuma, na najua nyote mnaosoma hapa mnataka kuruka juu, mpigwe picha, mpate wafadhili. Basi leo nalimaliza.

Strapu mnaijua: mkanda mmoja juu ya mguu, pedi chini, unaingiza mguu mtupu na unauchomoa upendavyo. Buti linakazwa kwenye bodi kwa skrubu, nawe unalifunga mpaka juu ya kifundo. Ukishaingia, wewe na bodi ni kitu kimoja.

Na raha yake ipo, sikatai. Ukijitoa kwenye ndoano ya kiunoni ukashika kaiti kwa mikono tu, ukataka kuipitisha baa, ile fimbo ya kushikia kaiti, nyuma ya mgongo ukiwa hewani, strapu inakutupa. Buti halikutupi. Aaron Hadlow, yule Mwingereza aliyechukua ubingwa wa dunia mara 5 mfululizo, 2004 mpaka 2008, ni mtu wa mabuti. Tena ukianguka maji ya kina bodi haiendi popote, unayo miguuni. Wa strapu itambidi ajiburure majini kuifuata.

Sasa mie. Nimeanza kwa kuwashikia wageni kaiti zao ufukweni, nikapata cheti cha ualimu cha IKO, shirika la kimataifa la kaiti, nikaajiriwa kwenye skuli moja ambayo jina lake sitalitaja. Pale walikuwepo vijana wa mabuti na sisi wa strapu. Wapiga picha wakija, wanaitwa wa mabuti. Bango jipya likichapishwa, wa mabuti. Siku moja mwenye skuli akaniambia mbele ya wageni kuwa strapu zinanifanya nionekane kama mwanafunzi. Nikacheka naye. Usiku sikulala, na wallahi mpaka leo nikipita mbele ya bango lile nageuza shingo.

Lakini hebu tuulizane: mwanafunzi kaiti yake ikianguka kule karibu na mwamba, nani alikuwa anamfikia kwanza? Mie nimesharusha kaiti, nimeweka bodi kwenye maji ya magotini, mguu wa kwanza, mguu wa pili, nimeondoka. Mwenzangu amekaa chini anavuta kamba za mabuti, kaiti inamyumbisha huku na huku. Mgeni aliyeokolewa hakumbuki nani yupo kwenye bango. Wateja wangu wa mwanzo, nilipoanza kufanya kazi mwenyewe, ni hao. Miaka ya katikati naiacha, haina hadithi.

Kumbukeni pia pwani yetu ilivyo. Bamvua maji yanakupwa mpaka unatembea mbali sana kabla hujapata pa kupandia. Unapita kwenye mashamba ya mwani ya mama zetu, vigingi na kamba, na kilimo hicho Paje na Jambiani kipo tangu 1989, kabla ya kaiti kufika. Katikati ya safari maji yanaweza kukuishia, ukalazimika kushuka, kubeba bodi, kupanda tena. Wa strapu anashuka kwa hatua moja. Wa mabuti anakaa kwenye maji ya kifundoni anajifungua, na kama chini pana wale wanyama wa miiba mirefu myeusi, atajua mwenyewe amekalia nini.

Mgeni wangu mmoja wa Austria, anayeteleza kwa ubao kwenye theluji, alinichekesha kuwa na kwao ugomvi ni huuhuu. Bindingi za zamani, yaani vishikio vya mguu kwenye ubao, zina mikanda miwili kila mguu, watu wanakaa kwenye theluji kuikaza, na kila wakitaka kupanda kiti cha kamba kurudi mlimani wanaufungua mguu wa nyuma. Ndiyo maana zikaja za kuingia haraka. Za kampuni ya Flow mgongo wake unalala nyuma, unaingiza mguu kwa upande wa kisigino. Burton, kampuni nyingine, walitoa Step On 2017: unakanyaga tu, inashika mbele pembeni mara mbili na kisiginoni mara moja. Tatizo lake ni kwamba inataka viatu vilivyotengenezwa kwa ajili yake, na theluji ikiganda pale chini haishiki vizuri. Wenye mikanda nao wanasema wao wanakaza wapendavyo. Nilimwuliza ukianguka je? Akasema ubao wa theluji haukuachii, uwe wa haraka au wa mikanda. Za ski ndizo zinazofyatuka.

Hapo ndipo nataka mnisikie, wadogo zangu. Buti nalo halifyatuki. Na hatari kubwa ni pale linapokuachia nusu: mguu mmoja umetoka, mwengine umebaki, na bodi inazunguka na goti lako. Rafiki yangu limempata hilo, kano za goti zikakatika, na msimu mzima wa kusi alikuwa akitutazama kutoka barazani. Goti lako ndilo duka lako. Wageni wana bima, wewe una mama yako. Usivae kitu kwa sababu ya picha. Usivae kitu kwa sababu fulani kakucheka. Tafuta kwanza kazi unayoifanya majini, kisha ndiyo uchague cha kuvaa mguuni. Nasema tena: kazi kwanza.

Ukibaki na strapu, zikaze mpaka kisigino kisinyanyuke kwenye pedi, lakini ukitingisha mguu kwa nguvu bodi idondoke. Zioshe kwa maji baridi ya bomba, na velkro uipige mswaki, maana mchanga ukijaa haishiki tena. Skrubu zikague kila ukitoka majini, chumvi haina huruma.

Na wewe wa Jambiani, kama bado unayataka, usiyajaribu yakiwa makavu. Lowesha miguu, vaa, funga kama utakavyofunga baharini, mwambie mtu aikanyage bodi, kisha vuta kisigino. Kikipanda hata kidogo, ni makubwa kwako, na hayo ndiyo yanayoachia mguu mmoja. Muachie mgeni aondoke nayo.