Fundi Akiondoka, Haondoki Peke Yake

Juzi dada mmoja ameniandikia: mafundi wake watatu kati ya wanne wameacha kazi ndani ya miezi miwili, je, aajiri haraka? Swali lake limenitonesha kidonda.

Nilikuwa msimamizi katika kampuni moja ya uchapaji. Tulikuwa na fundi wa miaka 11 aliyeijua mashine kwa sikio. Karatasi zikianza kuingia mbilimbili, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi. Karatasi zilizotoka ghala la baridi hakuzifungua mpaka zizoee joto la chumba, maana zikifunguliwa mapema hujikunja kingo. Hayo hayakuandikwa popote.

Aliomba nyongeza mara mbili. Wakubwa wakasema waombaji kazi wamejaa mlangoni. Nilikuwepo, nikanyamaza. Hilo linaniuma mpaka leo. Fundi akaondoka.

Wakaja vijana wawili wenye vyeti vizuri. Mmoja alitufundisha kupanga kazi kuanzia wino wa rangi hafifu kwenda wa rangi nzito, tukapunguza kuosha roli, yaani zile silinda za mashine zinazopaka wino, kwa hiyo sisemi wageni hawana faida. Lakini kingo zilijikunja, karatasi mbovu zikarundikana, na mafundi wazoefu wakawa wanaacha kazi zao kwenda kurekebisha za wenzao. Wakachoka. Wawili kati ya wazoefu hao nao wakaondoka.

Ford, kampuni ya magari ya Marekani, ilishapitia haya. Mwaka 1913 iliajiri watu zaidi ya 52,000 ili tu ibaki na wafanyakazi wapatao 14,000. Januari 1914 ikatangaza hadi dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya ujira wa awali, na saa zikashuka kutoka 9 hadi 8. Wanaoacha kazi wakapungua mno. Kampuni haikufanya sadaka pale. Ilipiga hesabu ya kumfundisha mtu mpya kila uchao.

Basi ndugu zangu mnaoongoza watu, acheni kuhesabu mshahara peke yake. Hesabuni na kinachoharibika mgeni akijifunza. Mgeni akae na mzoefu kabla mzoefu hajaondoka, hata wiki mbili. Narudia: kabla hajaondoka. Na mzoefu akiomba nyongeza, msikilizeni mara ya kwanza.

Nawe dada, tangazo la kazi lisubiri kidogo. Kesho asubuhi mwite yule fundi wa nne aliyebaki, mkae chini, umuulize anataka nini ili asiondoke.