Je, ninunue Bark ya Jefferson Airplane ingawa Marty Balin hayumo?

Ndugu, umeuliza kama Bark, albamu ya mwaka 1971 ya bendi ya roki Jefferson Airplane, itakufaa, wewe uliyeipenda Surrealistic Pillow ya 1967. Inunue, ila usitarajie kuikuta bendi ile ile. Balin, mmoja wa waasisi wake huko San Francisco, ambaye sauti yake ilipokezana na ya mwimbaji mwenzake Grace Slick, alikuwa ameshaondoka. Mpiga ngoma Spencer Dryden naye alikuwa amempisha Joey Covington, na fidla ya Papa John Creach ikaingia. Pengo la Balin linasikika, hasa katika nyimbo za mpiga gitaa Paul Kantner, ambazo kwa maoni yangu zimekosa ule upole wa Balin. Hata hivyo, anza na “Third Week in the Chelsea”, ambamo mpiga gitaa mwingine wa bendi, Jorma Kaukonen, kwa gitaa lisilo la umeme, anaimba bila kuficha jinsi anavyowaza kuihama bendi. Kwangu huo ndio wimbo bora wa albamu nzima. Kisha sikiliza “Pretty as You Feel”, ambao Carlos Santana ameupigia gitaa. Ukinunua santuri iliyotumika, muulize muuzaji kama mfuko wake wa karatasi ya kahawia bado upo, kwani huchanika upesi.